Kuuliza Mara ya Pili

...na asipofungua mdomo mpaka dakika mbili zitimie ni sifuri, si moja, si nusu, sifuri, mwongozo wetu hauna utani, sehemu ya tatu, mtahiniwa apewe picha aeleze kinachotokea na hatari anayoiona, na huyu picha nimeshampa, maelekezo nimeshamsomea, sasa ametulia tuli, mikono yote miwili juu ya meza kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu, kucha fupi, safi, mikono ya mkunga, miaka ishirini na miwili anapokea watoto, ameniambia mwenyewe katika sehemu ya kwanza, kwa lugha ya mtihani ambayo hakuzaliwa nayo, wala mimi sikuzaliwa nayo, lugha ya hospitali kubwa ambazo hazimwajiri mtu bila cheti chetu, akaisema vipande vipande, neno hapa neno pale kama mtu anayevuka matope kwa kukanyaga mawe, lakini alivuka, nilimwelewa, na sasa kushoto kwangu mwenzangu ameshabonyeza saa, ofisini tunamwita Bwana Dakika kwa sababu hata yai hachemshi bila kupima muda, kila nusu dakika atainua kidole kimoja juu ya meza, kidole cha nne kikiinuka nafunga faili, namshukuru mtahiniwa, namwambia mlango uko kule... sema basi mama, sema hata neno moja, picha yenyewe rahisi, jiko, sufuria inafurika, mtoto mdogo ameshika mpini wa sufuria anauvuta, mama yake amegeuka kando anaongea na simu, na mkunga ameiona hatari, najua ameiona, nilipotamka neno hatari macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa yule mtoto na bega lake likacheza, mwili umeshajibu, ulimi ndio umebaki nyuma, lakini bega halina kisanduku katika karatasi yangu, visanduku ni vinne, ufasaha, msamiati, sarufi, matamshi, kimya chake kinaingia wapi, huyu si bubu wa akili, mwalimu wetu chuoni alikuwa na jina lake, kipindi cha ukimya, alisema mwenye kujifunza lugha ya pili anaweza kukaa miezi anasikiliza tu, anajaza ghala, na sisi tukaandika daftarini, kipindi cha ukimya, tukapiga mstari chini yake kwa rula, kumbe kupiga mstari si kuelewa, mimi nilikuja kuelewa kwa binti yangu, tulipohamia mji mwingine akiwa na miaka mitano, miezi minne hakutamka neno shuleni, mwalimu wa darasa akaniita, "Mama, mtoto wako ana tatizo, tena mpeleke akapimwe masikio," na jioni ileile nikamkuta chumbani anamgombeza mdoli wake kwa lugha ya shule, sentensi nzima, sarufi imenyooka kama uzi wa fundi, "Kaa chini, usipoelewa nyoosha mkono uulize," nikasimama mlangoni nimeshika nguo za kufua, nikacheka mpaka machozi... usipoelewa nyoosha mkono uulize, hapana, hiyo acha, rudi hapa, rudi kwenye meza.

Kidole cha kwanza. Nusu dakika imekwenda. Mkunga anatazama picha, mimi namtazama mkunga, Bwana Dakika anaitazama saa, kinasa sauti kinanasa kimya chetu sote, na mimi nikisikiliza kimya kirefu hivi ndipo ananijia yule mwingine, kila siku ananijia kwenye kimya, sauti yake inaanza mbali kama redio ya jirani, laini, haina kituo, mtahiniwa wa thelathini na moja, muuguzi, alikaa kiti hikihiki miaka mitatu iliyopita, na yeye hakunyamaza hata nukta moja, alimiminika, nilimuuliza amefikaje hapa leo, nikitegemea atasema kwa basi au kwa miguu, akaanza kabla sijamaliza swali, "Kila asubuhi ninaamka mapema, ninaoga, ninapata kifungua kinywa pamoja na familia yangu," akaniimbia asubuhi yake nzima mpaka kwenye kufunga kamba za viatu, kila neno mahali pake, matamshi kama sahani ya kaure, na hakunijibu nilichouliza, nikajua, siwezi kusema sikujua, niliandika pembezoni kwa penseli, amekariri?, kwa alama ya kuuliza, halafu nikaifuta kwa raba kwa sababu kukariri si kosa linalothibitika na ufasaha ulikuwepo, msamiati ulikuwepo, sarufi ilikuwepo, matamshi yalikuwepo, visanduku vyote vinne vilinitazama vimeshiba, nikampa sita na nusu na kufaulu ni sita, akatoka anatabasamu, na miezi minane baadaye, alasiri ya kawaida kabisa, jua nje, wodi imejaa wageni wa wagonjwa, daktari akapiga simu wodini akataja dozi ya sindano kwa lugha ile, na katika lugha ile kumi na tano na hamsini ni kama mapacha, hutofautiana kwa mkia wa sauti tu, na laini ilikuwa inakwaruza, na muuguzi wa thelathini na moja akasema, "Ndiyo, daktari, nimeelewa," akakata simu akavuta hamsini. Mgonjwa alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, alikuwa amevunjika mguu tu, mguu, akitarajia kurudi nyumbani Ijumaa.

Niliyasoma yote hayo kwenye ripoti, mezani kwangu, chai ikapoa, kisha wakaniita kwenye baraza la uchunguzi nikaulizwa na mwenyekiti, mtu mpole mwenye miwani, "Mtahini, unaisimamia alama uliyotoa?" nikasema naisimamia, nikafungua mwongozo nikasoma vigezo kimoja baada ya kingine, sauti yangu haikutetemeka, na walioketi wakatikisa vichwa kwa heshima, kumbe nami nilikuwa nakariri, na baada ya hapo nikarudi kazini nikawa chuma, nasema kweli, anayekosea wakati wa kitendo namkata, anayemeza silabi namkata, anayejikwaa namkata, vijana wa mapokezi wakanipa jina, Bi Wembe, wanadhani silijui, na kila nikimwangusha mtu najiambia, huyu hataua fundi cherehani wa mtu, mia moja na arobaini nimewaangusha tangu siku ile, wengine wanalia hapohapo kitini, na Bwana Dakika hunifariji tukifunga ofisi, "Huruma haina kisanduku, dada yangu, sisi ni mizani tu, na mizani haimjui mwenye mzigo," nami nalipenda neno hilo, nimelilalia kama mto... lakini mizani gani inayotetemeka kila kukiwa kimya?

Kidole cha pili. Dakika moja nzima. Mkunga amefumba macho, amefumbua, midomo imekaza, jasho jembamba limetokeza juu ya mdomo wake na chumba hiki kina baridi, mashine ya hewa inavuma juu ya kichwa chake, na hapa ndipo mwalimu wetu angeingia na birika lake, tulimwita Mwalimu Chujio, mzee wa koti moja, siku moja alikuja darasani na birika la chai, kikombe na chujio, akachukua karatasi akaikunjakunja, akaisokomeza ndani ya chujio, akamwaga chai, ikasambaa mezani ikalowesha daftari za walioketi mbele, "Mnaona? Birika ni mwalimu. Chai ni lugha. Kikombe ni mwanafunzi, hana kasoro, ni kikombe kizima. Karatasi hii ni hofu. Mwaga birika mia, kikombe kitabaki kikavu," na mwanafunzi mmoja mchekeshaji akauliza, "Mwalimu, sasa daftari zetu zilizolowa ndizo nini?" darasa likaanguka kicheko, mzee naye akacheka mpaka akashika meza, halafu akasema taratibu, "Hizo ni fomu za mtihani. Zimepata chai yote na hazijanywa hata tone," na sisi tukacheka tena, tukidhani ni mzaha. Alitupa na nyingine nyingi, kwamba zamani wataalamu waliamini lugha ni tabia, mrudishie kasuku neno, msifu, mrudishie tena, mpaka limgande, kisha wakaja wengine wakasema hapana, mtoto huzaliwa na kiwanda cha sarufi kichwani, kisha wengine wakasema mwanafunzi apewe lugha anayoielewa iliyomzidi hatua moja tu, si tatu, na wengine kwamba makosa ya mwanafunzi si takataka, ana lugha yake ya katikati, si ile aliyotoka nayo wala si ile anayoiendea, nayo ina kanuni zake, mheshimuni, alisema, yuko safarini... na watu wa njia ya mwisho, wale aliowapenda kuliko wote, walisema lugha haiingii kwa kusikiliza peke yake wala kwa kusema peke yake, huingia pale watu wawili wanapokwama, mmoja akasema sijakuelewa, mwingine akarudia kwa njia nyingine, hapohapo, kwenye mkwamo, ndipo kichwa kinapofunguka, na mimi nikanyoosha mkono nikasema, mwalimu, huyo ni mama yangu, darasa likacheka lakini yeye hakucheka, akaniambia nisimame nieleze, nikaeleza kwamba mama yangu alikuwa mpishi katika kambi ya wahandisi wa reli, watu wa mbali, hakujua lugha yao hata salamu, na hakuwa na kitabu, alikuwa na mwiko tu, wakisema kitu anawaambia, "Sema tena babangu, sikio langu limejaa mvuke," wanarudia, anasema tena hajasikia, wanaonyesha kwa vidole, anacheka, wanacheka, miaka miwili baadaye akawa anawagombanisha na kuwapatanisha kwa lugha yao wenyewe, na hata alipozeeka, mtu akimwambia jambo asilolishika hakuona haya, sema tena babangu, na Mwalimu Chujio akageukia ubao akaandika maneno ya mama yangu kwa chaki, akayazungushia duara, akasema, "Andikeni. Hii ndiyo nadharia." Nami nikaandika. Nikaandika na tarehe.

Sasa mbona namkumbuka mama leo, mbona si jana, kwenye kiti hikihiki jana nilimwangusha mtu wa maabara na sikumkumbuka yeyote... ni huyu mkunga, ni lile alilofanya kwenye sehemu ya pili, kwenye mazungumzo, nilipomuuliza kuhusu zamu na makabidhiano ya wagonjwa, aliinama kidogo akasema, "Naomba urudie swali, tafadhali," nikarudia, akafikiri, akasema, "Samahani. Tena. Pole pole," na akajibu, na jibu lilikuwa la swali nililouliza, lenyewe hasa, fupi na lenye mifupa, na mimi nilikuwa nimeshashika penseli, nimeshatoa nusu alama, mkono ulikwenda peke yake kama mkono unavyokwenda kuzima taa, kigezo cha ufasaha, ngazi ya tano, mtahiniwa akiomba kurudiwa swali zaidi ya mara moja apunguzwe nusu alama, na nusu hiyo ndiyo inayomweka chini ya mstari, asiposema sasa ameanguka, akisema kwa shida ameanguka pia, niliijua hesabu yake kabla sijamkabidhi picha. Na yule wa thelathini na moja hakuomba kurudiwa hata swali moja. Hata moja. Nilimsifu kwa hilo, ipo kwenye maelezo yangu, kwa mwandiko wangu mzuri, hahitaji kurudiwa maswali.

Kidole cha tatu. Imebaki nusu dakika na mkunga bado, na mimi simwoni tena vizuri, namwona yule, si kwenye kiti, namwona kwenye foleni ya duka la dawa mwaka jana, alikuwa mbele yangu watu wawili, amekonda, amevaa sare ya kijani ya wafua mashuka, leseni walishamnyang'anya, nikageuka nitoke, lakini alikuwa ameshaniona, akaacha nafasi yake kwenye foleni akaja, akaniinamia, kwa lugha yetu ya nyumbani, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia marahaba, nikategemea atanitukana, ningependa anitukane, akasema, "Mwalimu, mimi sijui mpaka leo kama nilisikia kumi na tano au hamsini. Sauti ilipita tu. Nilitaka kumuuliza daktari," nami nikamuuliza, kwa ukali, Mungu anisamehe, ukali wa mtu anayejikinga, "Sasa mbona hukuuliza?" naye akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtoto anayeulizwa mbona hukuvunja sheria, akasema, "Si ninyi..." na hapo ndipo ninapoikata kila siku, mwaka mzima nimeikata hapohapo, naamka, nafungua bomba, nawasha redio, nahesabu ngazi, si ninyi, si ninyi, basi, imetosha, lakini leo hakuna bomba hapa, hakuna redio, kuna kimya cha mkunga tu na kinasa sauti, na sentensi inakuja yenyewe, ninaisikia yote, alivyoisema, bila hasira, akiwa ameshika kikaratasi chake cha dawa, "Si ninyi mlitufundisha kwamba ukiuliza mara ya pili unashuka alama? Kozini tulifanyishwa mazoezi miezi sita, mwalimu. Ukiuliza tena mkufunzi anakugongea meza, pwaa. Ukiwa hujaelewa, sema ndiyo nimeelewa, tabasamu, endelea. Mpaka ikawa ulimi wangu unasema wenyewe. Siku ile ulisema wenyewe," na akarudi kwenye foleni, nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa, akaenda nyuma kabisa, na mimi nikatoka bila dawa niliyoijia.

Kozi hizo za kujiandaa na mtihani walizijenga juu ya mwongozo wetu, neno kwa neno, walimu wa kozi hawana kosa, watu hufundisha kinachopimwa, Mwalimu Chujio alitwambia hilo pia, msichokipima kitakufa na mnachokiadhibu kitakufa mapema zaidi, na mwongozo nani aliuandika, kamati, nasema kamati siku zote, ilikaa siku tatu kwenye chumba cha mikutano chenye mazulia ya bluu, watahini walikuwa hawakubaliani, huyu anampa mtu tano yule anampa saba, uthabiti hakuna, mkuu wa ofisi anatuhimiza tutafute kitu kinachohesabika, kitu ambacho watahini wawili hawawezi kukigombania, na mtu mmoja akanyoosha mkono akasema, tuhesabu mara wanazoomba kurudiwa, hilo linahesabika, moja, mbili, tatu, hakuna ubishi, na wote wakafurahi, wakampigia makofi, na aliyenyoosha mkono ni mimi. Mimi, mtoto wa mpishi. Niliipendekeza mimi, nikaiandika mimi, sentensi ile ni ya mkono wangu, na jioni ile nilimpigia mama simu kumwambia nimepandishwa kuwa mtahini mkuu, akasema hongera mwanangu, sikio lake lilikuwa zito wakati huo, akasema, sema tena, na mimi nilikuwa na haraka nikamwambia basi mama, tutaongea.

Kwa hiyo nilikuwa nawaangusha bure. Mia moja na arobaini, na si kwa sababu ya fundi cherehani, kila mmoja wao nilimpima kwa chombo kilekile kilichomuua yule fundi, nikakikaza zaidi, nikajiita mwangalifu, na usiku wote ule wa kujilaumu eti nilikuwa mlegevu, eti ile sita na nusu ilikuwa huruma, hata sikuthubutu kujilaumu kwa jambo lenyewe, alama ilikuwa sahihi, ilikuwa sahihi kabisa, alifanya kila tulichomtaka afanye, hapa kitini na kule wodini. Na kulikuwa na mtu siku ile barazani, sasa namwona, mume wa marehemu, mstari wa nyuma, kofia mapajani, tulipomaliza kusomeana vigezo alisimama bila kuitwa akasema, "Mimi si msomi. Naomba mtu anieleze kitu kimoja tu. Huyu binti alishindwa nini kumwambia daktari rudia?" Mwenyekiti akamwambia pole sana baba, swali lako limeandikwa, na mimi nikapanga karatasi zangu ziwe sawa kwenye kingo, nikazipanga vizuri sana. Limeandikwa wapi? Nani alimjibu? Hakuna aliyemjibu, alirudi nyumbani kwenye cherehani isiyo na mtu akiwa na swali lake, na jibu lilikuwa mita nne mbele yake limevaa suti ya kijivu. Hakushindwa, baba. Tulimkataza. Mimi nilimkataza, na nitakuja kukwambia, nitaliomba baraza likae tena, nitasema hivyo kwa jina langu, na wakisema mwongozo uliidhinishwa nitasema uliidhinishwa na mimi niliuandika, na wakinitaka niondoke nitaondoka, sijui nitaanzaje, sijui mlango wako uko wapi, lakini nitauliza.

Kimya. Mashine ya hewa inavuma. Bwana Dakika ameshakusanya vidole vyake tayari kwa cha mwisho, ananitazama kwa pembe ya jicho, anashangaa penseli yangu iko wapi, na mkunga ameinua uso wake kutoka kwenye picha, macho yake yako kwangu, ameshindwa neno moja, naliona linavyomzungukazunguka mdomoni, mpini, au kufurika, au kuungua, ni neno moja tu, na anajua akinigeukia kuniuliza nitamkata, wamemfundisha, amekaza midomo ili asiniulize, anatokwa jasho ili asiniulize, na sijawahi katika maisha yangu kutamani sauti ya mtu kama ninavyoitamani sasa... niulize. Nipo. Niulize, mama, hata mara kumi.